Mtego wa Panya: Mafunzo ya Historia Kutoka Nyumbani Mwetu

Waswahili wamesema kwamba mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Sisi walimu tumezoea kuifundisha methali hii kwa mifano ya baraza la wazee au ya msako wa askari, kisha tukaipita na kushika nyingine. Ni nadra kumwuliza mwanafunzi habari za panya mwenyewe: alitoka wapi, aliingiaje katika nyumba zetu, na wazee wetu walipambana naye kwa akili gani. Tumemdharau kwa udogo wake. Walakini mnyama huyu ameyagusa maisha ya watu wa nchi zetu kuliko simba na chui, maana simba hungoja porini, ilhali panya hulala chini ya kitanda.

Mwaka mmoja tulifungua sanduku la vitabu vya chama chetu, tukakuta kamusi mbili zimegeuzwa kiota. Tulicheka, kwa kuwa hasara ilikuwa ndogo. Mwenzetu mmoja, mzee aliyekwisha kustaafu, hakucheka. Alituuliza, “Walimu, humo ndani mmemkuta panya aliyekufa?” Tukajibu kwamba hatukumkuta. “Basi mshukuruni Mungu,” akasema. “Kwetu panya anayekula vitu si habari. Habari ni panya anayekufa bila kupigwa.”

Swali la mzee huyo ndilo lililotutuma kuandika makala haya. Tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya panya wa nyumbani katika Afrika ya Mashariki, ugonjwa wa tauni alioambatana nao, na njia mbalimbali ambazo watu na serikali walizitumia kumwondoa. Tutaona kwamba baadhi ya njia hizo zilifaa, na nyingine ziliwadhuru watu kuliko zilivyomdhuru panya.

Mgeni wa majahazini

Panya mweusi wa nyumbani, yule mwenye mkia mrefu apandaye ukuta na kukimbia juu ya dari, si mwenyeji wa bara hili. Asili yake ni nchi za India. Kwa kuwa yeye hufuata nafaka, na nafaka ilisafirishwa kwa vyombo vya bahari, naye alisafiri. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofukua Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wamepata mifupa ya panya huyu katika tabaka za tangu karne ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba alifika zamani sana, wakati miji ya kwanza ya pwani ilipoanza kufanya biashara na ng'ambo. Pepo zilezile zilizoleta shanga na vyungu vya kigeni zilimleta na yeye, wala hakuna aliyemwandika katika hesabu ya shehena.

Kutoka pwani aliingia bara kwa kufuata mizigo ya watu. Safari yake ilipata haraka mpya baada ya mwaka 1896, reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikaligusa ziwa mahali panapoitwa Kisumu leo. Behewa lililobeba magunia ya mchele na unga lilikuwa pia nyumba nzuri ya panya.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba kabla ya hapo watu wa bara hawakujua panya. Alikuwapo, na bado yupo, panya wa shambani ambaye wataalamu humtambua kwa wingi wa chuchu zake. Huyu huishi katika nyasi na mashamba, na mavuno yakishaingia ndani huyafuata. Jike mmoja aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa uzazi mmoja. Watafiti wa Morogoro nchini Tanzania wameonyesha kwamba mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, panya hawa hufurika katika msimu unaofuata. Kwa hiyo mafuriko ya panya, ambayo katika vijiji vingi yalidhaniwa kuwa ni uchawi wa jirani mwenye kijicho, yana sababu zinazoweza kuhesabiwa: mvua, majani mabichi, mbegu, na mahali pa kujificha.

Elimu ya watu wa Kiziba

Katika Buganda ugonjwa wa tauni ulijulikana tangu kale kwa jina la kaumpuli, na lilikuwa pia jina la mungu aliyeaminiwa kuuleta. Mmisionari John Roscoe aliandika habari zake katika kitabu chake The Baganda, kilichotoka mwaka 1911. Jina hilo bado limo katika Kiganda cha leo. Jambo hili peke yake latosha kutuonyesha kwamba ugonjwa haukuja na reli. Wataalamu wa siku hizi waliochunguza nasaba ya vijidudu vya tauni wameona pia kwamba vile vya maeneo ya maziwa makuu ni vya ukoo wa kale, mbali na ule uliosambazwa na meli za moshi kutoka Hong Kong baada ya mwaka 1894.

Ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini, katika ufalme wa Kiziba kaskazini ya Bukoba, ugonjwa huo uliitwa rubwunga. Nchi hiyo ilikuwa wakati huo chini ya Wadachi. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari mashuhuri Robert Koch alikuwa katika koloni hilo, na sampuli kutoka Kiziba zikamfikia. Mwaka 1898 alitangaza kwamba rubwunga ni tauni ileile iliyokuwa ikiua watu Bombay. Lakini tunaloliona kuwa kubwa zaidi ni lile walilolisema wenyeji wenyewe, nalo likaandikwa. Walieleza kwamba ugonjwa huwashika panya kwanza. Panya walipoanza kufa ndani ya nyumba, watu wa Kiziba hawakungoja kuona mgonjwa. Waliihama nyumba.

Msomaji na atafakari mwaka huo. Mwaka 1898 huohuo, daktari wa Kifaransa Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, alifanya jaribio la kuonyesha kwamba kiroboto ndiye anayeitoa tauni kwa panya na kuipeleka kwa mtu. Madaktari wengi wakubwa walikataa kumwamini kwa miaka kadhaa, hadi tume ya uchunguzi iliyofanya kazi India kuanzia mwaka 1905 ilipothibitisha maneno yake. Kwa hiyo, wakati wataalamu wa dunia walipokuwa wakibishana kama panya anahusika au hahusiki, mkulima wa migomba kando ya ziwa alikwisha kufunga mkeka wake na kuondoka.

Hatusemi kwamba watu wa Kiziba walimjua kijidudu au walijua kazi ya kiroboto. Hawakujua. Ila walikuwa na mazoea ya kuitazama nyumba yao, wakaona mambo mawili yanayofuatana daima, nao wakatenda kwa kadiri ya walivyoona. Ama kwa hakika hiyo ni elimu, hata kama haikuandikwa kitabuni na wenyewe.

Moto wa Nairobi

Sasa natuvuke ziwa twende Nairobi. Kambi ya reli ya mwaka 1899 ilikuwa imekua upesi kuwa mji. Wafanyabiashara wa Kihindi na wafanyakazi wengi walibanana katika mtaa wa soko, mahali penye unyevu, pasipo na mifereji ya kutosha ya maji machafu, na takataka zilirundikana. Nafaka ilihifadhiwa katika vyumba vilevile walivyolala watu. Kwa panya hapakuwa na mahali pazuri kupita hapo.

Mwaka 1902 tauni ikazuka. Wakuu wa serikali waliamuru mtaa wa soko uchomwe moto, nao ukachomwa. Waliokuwa na duka na mali wakabaki na majivu. Kwa kumtaka panya, nyumba nzima iliteketezwa, ya aliyekuwa na mgonjwa na ya asiyekuwa naye. Hapa ndipo methali yetu ilipotimia kwa maana yake halisi, maana mtego wa panya uliwanasa waliokuwamo na wasiokuwamo. Tena panya hangoji ndani ya moto. Hukimbia, na akikimbia huingia katika nyumba ya jirani pamoja na viroboto vyake. Haishangazi kwamba tauni ilirudi tena Nairobi katika miaka iliyofuata.

Moto ulizimika, lakini hoja yake ikabaki. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza mambo ya afya katika Kenya ya wakati huo, Uganda na Unguja. Katika ripoti yake ya mwaka 1914 alipendekeza miji igawanywe kwa rangi za watu, Wazungu wakae mbali na Wahindi, na Waafrika wakae mbali na wote, kwa madai ya kuzuia maradhi. Kwa fikira hiyo ugonjwa ulihesabiwa kuwa ni sifa ya kabila la mtu, si matokeo ya kukosa mfereji na mahali pa kutupa taka. Mitaa yenye wakubwa ilipata mabomba na barabara. Mitaa mingine ilipata lawama. Hata leo, mtu akitembea katika miji yetu ataona kwamba mipaka mingi ya zamani ingali inasomeka, na kwamba panya bado hufuata mipaka hiyohiyo, kwa sababu taka nazo huifuata.

Biashara ya mikia

Mwaka huohuo wa 1902 serikali nyingine ya kikoloni, mbali sana na hapa, ilijaribu njia tofauti. Tunaitaja kwa sababu kosa lake laweza kurudiwa katika kijiji chochote. Mjini Hanoi, katika nchi ya Vietnam, Wafaransa walikuwa wamejenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi kwa ajili ya mitaa yao mizuri. Panya wakaingia humo wakaongezeka, kisha wakapanda kwa njia ya mabomba hadi ndani ya majumba. Serikali iliajiri wawindaji. Katika siku za kilele waliua zaidi ya panya 10,000 kwa siku moja, na bado panya hawakwisha. Ndipo ikatangazwa kwamba raia yeyote atakayeleta mkia wa panya atalipwa.

Mikia ikaletwa kwa wingi, na wakuu wakafurahi. Baada ya muda watu wakaanza kuona panya wasio na mikia wakikimbia mjini. Wenyeji walikuwa wakiwakata mikia na kuwaachilia wakazae tena. Pembezoni mwa mji waligunduliwa hata watu wanaofuga panya kwa ajili ya biashara hiyo, na mpango ukafutwa. Serikali ilikuwa imenunua mikia, nayo ikaletewa mikia. Kama ingenunua usafi wa mifereji, huenda ingepata usafi wa mifereji.

Baadaye ikaja sumu. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa dawa iitwayo warfarin, inayoizuia damu ya panya isigande hata akafa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Ilionekana kwamba sasa vita vimekwisha. Mwaka 1958, huko Scotland, walionekana panya waliozoea sumu hiyo na kuishi, na baada ya hapo wakaonekana katika nchi nyingine pia. Zikatengenezwa sumu kali zaidi, na baadhi yake huuzwa leo barabarani na katika masoko yetu katika vipakiti visivyo na maelezo, karibu na biskuti za watoto. Paka au bundi akila panya aliyekula sumu ya namna hii, naye aweza kufa. Tukimwua bundi, tumemwua mwindaji aliyekuwa akitufanyia kazi kila usiku bila mshahara.

Kurudi kwa elimu ya Kiziba

Asidhani msomaji kwamba tauni ni habari ya kale tu. Katika wilaya ya Lushoto, milimani Usambara, ilizuka mwaka 1980 na kuwasumbua watu kwa zaidi ya miaka 20. Katika jimbo la Ituri nchini Kongo, na katika nyanda za juu za West Nile upande wetu wa Uganda, imeendelea kuwashika watu hata katika karne hii ya 21. Mara nyingi anayeshikwa ni mtoto au mama anayelala chini, katika chumba kilekile kinachowekwa mahindi. Homa humpanda ghafla, mtoki huvimba kinenani au kwapani, na asipopata dawa upesi aweza kufa katika siku chache. Lakini dawa zipo. Mgonjwa anayefikishwa mapema hospitalini huweza kupona kwa dawa za antibayotiki, na hili yafaa kila mwalimu wa maeneo hayo alijue na kuliambia darasa lake.

Katika miaka ya 2010, wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda pamoja na wenzao walianzisha mpango mpya huko West Nile. Waliwaomba wanavijiji watoe taarifa kila waonapo panya aliyekufa bila sababu ya kuonekana. Panya huyo alichukuliwa akapimwa. Alipoonekana kuwa na tauni, nyumba za kijiji zilipuliziwa dawa ya kuua viroboto, kabla mtu hajaugua. Waganga wa kienyeji nao walifundishwa dalili za ugonjwa, wawaelekeze wagonjwa hospitalini badala ya kuwakawiza.

Je, huu si ujuzi ule wa watu wa Kiziba? Zaidi ya miaka 110 ilipita tangu maneno yao yaandikwe, ndipo maneno hayo yakafanywa kuwa mpango wa afya. Tofauti ni kwamba siku hizi hatuna haja ya kuihama nyumba, kwa kuwa tunamjua kiroboto. Na kwa kumjua, tumejifunza pia jambo lililo kinyume cha pupa yetu: penye tauni, viroboto huuliwa kwanza, panya baadaye. Panya akifa kabla yao, viroboto humwacha na kutafuta damu nyingine, na damu iliyo karibu ni ya aliyelala.

Yatupasayo

Kutokana na historia hii tunapata mafunzo machache yanayofaa nyumbani na shuleni.

Kwanza, panya hufuata chakula na maficho. Ghala likiinuliwa juu ya nguzo, na kila nguzo ikavikwa bati lililopinda kuelekea chini, panya hawezi kupanda. Mahindi yakitolewa katika chumba cha kulala, watoto watalala mbali na viroboto. Kuni zisirundikwe ukutani, nyasi za uani zikatwe, matundu yazibwe, na taka zifukiwe au zizolewe. Kazi hizi hazina fahari wala hakuna anayepewa nishani kwa ajili yake, lakini ndizo zilizokosekana Nairobi mwaka 1902.

Pili, kazi ifanywe kwa umoja. Waliosema kwamba panya wengi hawachimbi shimo walikuwa wakitucheka sisi watu. Nyumba moja ikitega mitego peke yake, panya wa jirani huhamia katika nafasi iliyoachwa. Kijiji kizima kikitega kwa siku zilezile, usiku baada ya usiku, panya hupungua kweli, na hata shilingi ya sumu haitumiki.

Tatu, tuwaheshimu wanaotusaidia. Paka ana rafiki wengi. Bundi hana. Katika nchi zetu nyingi akilia juu ya paa hufukuzwa kwa mawe, kwa kuwa huhesabiwa kuwa ni mleta msiba. Mwalimu asidharau itikadi za wazazi mbele ya watoto wao, lakini aweza kuwapeleka watoto chini ya mti alalapo bundi, wakayafungue matonge anayoyatapika, wahesabu wenyewe mafuvu ya panya yaliyomo. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji mabishano.

Yafaa pia tukumbuke kwamba panya mwenyewe si adui wa kuzaliwa. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa tangu mwaka 2000 likiwafunza panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini, na baadaye hata kunusa kifua kikuu katika makohozi. Panya hao walisaidia kusafisha ardhi ya Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imeondolewa mabomu ya ardhini yaliyojulikana. Mmoja wao, aliyeitwa Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alifanya kazi Kambodia, akapewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020, akafa mwaka 2022 akiwa amekwisha kustaafu. Pua ileile inayotafuta unga wetu gizani imewaokoa watu wasikatwe miguu.

Tunahitimisha kwa kurudi kwa mzee wetu na sanduku la kamusi. Alichotuuliza hakukipata katika kitabu. Alikipata kwa bibi yake, naye bibi kwa waliomtangulia. Maarifa kama hayo yamo bado katika vijiji vyetu, katika Kiganda, Kihaya, Kialur, Kilendu na lugha nyinginezo, na kila mzee anapofariki fungu lake hupotea. Tunawaomba walimu wenzetu wawatume wanafunzi wakawaulize babu na bibi zao: panya wa nyumbani na wa shambani huitwaje kwenu? Ghala lilijengwaje? Panya walipokufa wenyewe, mlifanya nini? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili safi, pamoja na majina ya asili, yaletwe kwa mhariri wa jarida hili. Tukiyakusanya tutakuwa tumeongeza msamiati wa lugha yetu, na yamkini tutakuwa tumeokoa nyumba ya mtu.